Nilimwahidi mama wa kijana kwamba nitakuwa naye miaka minne, na sasa huenda nisiwepo

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, mzaliwa wa Uvira, Kongo, niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Tulifika Marekani nikiwa na miaka 13. Kambini nilicheza soka la mpira wa matambara. Wa kikapu niliushika mara ya kwanza hapa Kentucky, kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko darasa zima. Nilichezea chuo kidogo cha Daraja la Tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo, unacheza kwa kupenda tu. Nilipomaliza nikaingia ukocha kwa mlango wa chini kabisa. Miaka miwili chuo kilinilipia ada ya shahada ya pili, nami nikafua jezi, nikapokea wageni uwanja wa ndege na kukata video usiku. Kisha mwaka mmoja wa kazi ya video tu katika chuo kingine, miwili ya kupanga safari na hoteli za timu, na huu ni msimu wangu wa tatu nikiwa kocha msaidizi kamili wa chuo cha Daraja la Kwanza. Daraja ni la kwanza lakini chuo ni kidogo, na mechi nyingi za ugenini tunakwenda kwa basi.

Mke wangu ni wa Fizi, huko huko Kongo. Tangu tuoane tumehama mara tatu, na watoto wetu wawili kila mmoja kazaliwa jimbo lake. Sasa anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja na nusu, na ameniambia waziwazi kwamba hahami tena kabla hajamaliza.

Sasa Mama, shida yangu. Kuna kijana wa kwetu wa miaka 18, ana mita 2.06, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama yake amemlea peke yake, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Mimi nilimwona kijana huyu wakati bado anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, kabla wengine hawajamjua. Nimeenda nyumbani kwao kila mara sheria za kusajili wachezaji ziliporuhusu. Mama yule ananipikia sombe (kisamvu) na ndagala (dagaa), tunazungumza Kiswahili, anacheka, anasahau kuwa nimekuja kikazi. Na mimi nasahau. Mwezi wa tisa nilimwambia, "Mama, mwanao akija kwetu nitakuwa naye miaka yote minne, nitamwangalia kama mdogo wangu." Akanijibu, "Basi huyo kocha mkubwa mimi sina haja naye. Nimekupa wewe."

Tangu hapo timu imepoteza mechi 17 kati ya 24. Kila mtu anajua kocha mkuu huenda akafukuzwa mwezi wa tatu, na akifukuzwa, sisi wasaidizi tunakwenda naye. Wiki iliyopita alitukusanya akasema neno hili lisitoke nje. Kuhusu kijana akasema, "Asaini Aprili. Tukibaki tunaye, tukiondoka si shida yetu tena." Siku mbili baadaye kocha niliyemfanyia kazi zamani akanipigia simu. Anatarajia kupata chuo kule magharibi, mshahara karibu mara mbili ya wangu, na ananitaka. Akamalizia, "Na umlete yule mrefu."

Hapa karibu na nyumbani pia kuna sekondari inayotafuta mwalimu ambaye atakuwa kocha mkuu wao. Mke wangu ameniwekea tangazo hilo juu ya meza ya jikoni na hajasema kitu.

Je, nimwambie yule mama ukweli? Nikimwambia namsaliti bosi wangu, nikinyamaza namsaliti yeye. Na kazi hii yenyewe, Mama, ina mwisho, au nimepoteza miaka yangu? Mama yangu mzazi bado ananiuliza, "Msaidizi wa nani? Lini utakuwa mwenyewe?"

Kocha Msaidizi, Kentucky

JIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma nikaiweka kando nikaenda kuosha vyombo, maana ilinirudisha mbali. Mume wangu alikaa kwenye benchi hilo la makocha wasaidizi miaka 11, katika vyuo vinne. Mara ya pili alipopoteza kazi, habari tuliletewa na jirani aliyeiona kwenye televisheni kabla simu ya chuo haijalia. Kwa hiyo ninakujibu kama mtu aliyefunga masanduku hayo kwa mikono yake.

Nianze na yule mama, kwa sababu hilo lina tarehe na mengine yanaweza kungoja.

Unasema ukinyamaza unamsaliti yeye na ukisema unamsaliti bosi. Mimi naona umechanganya siri mbili. Ya kwanza ni ya bosi wako, kwamba kiti chake kinatikisika. Hiyo si yako, na wala si siri kubwa, kwa kuwa mechi 17 zilizopotea zimeandikwa mahali ambapo kila mtu anasoma. Ya pili ni yako peke yako. Uliahidi miaka minne ambayo hukuwa nayo mkononi. Hata timu ingekuwa inashinda kila wiki usingekuwa nayo, maana mkataba wa kocha msaidizi mara nyingi ni wa mwaka mmoja mmoja, na kocha mkuu akiondoka, awe amefukuzwa au amepata pakubwa zaidi, anayekuja huja na watu wake. Ahadi yako unaweza kuirudisha bila kugusa siri ya bosi wako. Na lazima uirudishe kabla kijana hajasaini.

Yaliyotokea chuo cha Michigan mwaka 1989 mume wangu aliwasimulia wazazi wote aliowatembelea. Siku chache kabla ya mashindano ya taifa ya mwezi Machi, kocha mkuu Bill Frieder alitangaza kwamba amekubali kazi chuo kingine, Arizona State. Alidhani ataachwa amalize mashindano. Mkurugenzi wa michezo, Bo Schembechler, akamwambia aende sasa hivi, na timu akaikabidhi kwa msaidizi, Steve Fisher. Fisher alishinda mechi zote sita, ya mwisho dhidi ya Seton Hall kwa 80 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza, akawa bingwa wa taifa. Watu huisimulia kama hadithi ya msaidizi aliyepata bahati. Mume wangu alikuwa anawaambia wazazi waitazame upande wa wale vijana. Walilala wana kocha wakaamka hawana, na hakuna karatasi yoyote iliyovunjwa. Kijana anasaini na chuo, hasaini na mtu.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa kocha mkuu. Usiende kwa mama yule kwa mlango wa nyuma, utajuta. Mwambie hivi: "Kocha, nilimwahidi yule mama kwamba nitakuwepo miaka minne. Sikupaswa kusema hivyo, na nakwenda kulirekebisha. Sitazungumzia kazi yako. Lakini akiniuliza kitakachotokea makocha wakibadilika, nitamjibu ukweli." Atakasirika. Huenda akakuondoa kwenye suala la kijana huyo. Neno alilowaambia, "si shida yetu tena", limetoka kwa mtu aliyebanwa ukutani, na simhukumu kwa jioni moja mbaya. Lakini wewe usilibebe.

Kisha mpigie mama Jumapili mchana, akiwa ameamka, si baada ya zamu ya usiku. Zungumza Kiswahili. "Mama, nilikuambia neno ambalo sina uwezo nalo. Kazi yangu ni ya mwaka mmoja. Ninaweza kuhama au kuhamishwa kesho, na kocha mkuu vilevile. Nataka mchague chuo kana kwamba sisi sote hatutakuwepo." Halafu mfundishe maswali ya kumwuliza kila kocha anayempigia, wa chuo chenu na wa kwingine. Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au umeandikwa kwa miaka yote? Je, kocha mpya akimkuta na hamtaki, masomo yake yanaendelea kulipwa? Akivunjika goti? Anataka kusoma nini, na je, ratiba ya mazoezi inaruhusu somo hilo? Nani wa kumsaidia kuandika Kiingereza cha darasani? Majibu ayapate kwa maandishi kutoka chuoni. Zamani kulikuwa na ile Barua ya Taifa ya Kusaini, iliyomfunga kijana kwa chuo hata kocha aliyemleta akiondoka. Ilifutwa Oktoba 2024, sasa kinachosainiwa ni makubaliano ya ufadhili yenyewe, kwa hiyo kila mstari wake usomwe. Mtafsirie, lakini mwambie atafute na mtu mwingine asiye na faida yoyote amsomee.

Kuna jambo jingine ambalo wewe unalijua na mama yule hajui, nalo linauma kuliko la kocha kufukuzwa. Tangu Aprili 2021, mchezaji aliporuhusiwa kuhama chuo kwa mara ya kwanza bila kukaa msimu mzima nje ya mechi, na zaidi tangu 2024 mipaka ya kuhama ilipoondolewa, makocha wengi wakifika majira ya kuchipua hutafuta mtu mzima aliyekwisha kucheza chuoni miaka mitatu. Kijana wa 18 mwenye mita 2.06 anaweza kusaini Aprili, akafika mwezi wa sita na kukuta wamesajili mwanaume wa miaka 23 kwa nafasi yake, tena anayelipwa. Mwambie. Tangu Hasheem Thabeet atoke Dar es Salaam, akakichezea chuo cha Connecticut na kuchukuliwa wa pili kwenye uchaguzi wa NBA mwaka 2009, akina mama zetu wanajua kwamba urefu ni mali. Hawajaambiwa kwamba urefu unahitaji pia kocha mwenye subira ya misimu miwili, na hao wamekuwa wachache.

Sasa ile "umlete yule mrefu". Hapo nilikaa kwenye kiti.

Mwaka 2017, mwezi wa tisa, serikali ya Marekani iliwakamata watu kumi katika kesi ya rushwa ya mpira wa kikapu wa vyuo. Wanne kati yao walikuwa makocha wasaidizi wa vyuo vikubwa. Walipokea pesa ili wawaelekeze wachezaji wao kwa washauri wa fedha na mawakala fulani. Wote wanne walikiri, na wawili walifungwa miezi mitatu mitatu. Watu walishangaa kwa nini wasaidizi na si wakubwa. Mimi sikushangaa hata kidogo. Kocha mkuu huja nyumbani mara moja, akiwa na koti zuri. Anayejua jina la bibi, anayejua dogo ana pumu, ni msaidizi. Imani ya familia iko kwake, na wale wanne waliiuza imani hiyo.

Wewe hujauza kitu, nisikilize vizuri. Lakini huyo bosi wako wa zamani anakupa kazi mpya, na kijana ni sehemu ya bei. Mjibu kwamba kama anakutaka, akutake wewe. Kijana akipenda kuangalia chuo hicho, mama yake atawapigia simu mwenyewe, akiwa na maswali yake. Ukisikia kimya upande wa pili wa simu, utakuwa umejua thamani yako kwake kabla hujafunga sanduku hata moja. Kuna safari moja mume wangu hakuuliza swali hilo, na tukahamia mahali ambapo baada ya kijana aliyemleta kuumia, yeye naye hakuitwa tena kwenye mikutano.

Tuje kwako na mkeo.

Mama yako anauliza lini utakuwa mwenyewe. Mwambie ukocha msaidizi ni kazi kamili, inayojitosheleza. Bill Guthridge alikuwa msaidizi wa kocha mkuu Dean Smith pale chuo cha North Carolina miaka 30, tangu 1967, na alipokabidhiwa timu akaifikisha Fainali Nne, yaani timu nne za mwisho za mashindano ya taifa, mara mbili katika misimu mitatu. Brian Dutcher alikuwa msaidizi wa huyo huyo Steve Fisher, Michigan na kisha San Diego State, karibu miongo mitatu yote. Alipewa timu mwaka 2017, na mwaka 2023 akaipeleka kwenye mechi ya ubingwa wa taifa. Tommy Lloyd alikaa chuo cha Gonzaga miaka 20 hivi akiwa msaidizi, akijulikana zaidi kwa kuwapata vijana wa nje ya Marekani, akina Domantas Sabonis na Rui Hachimura, kabla Arizona haijamchukua mwaka 2021. Huyo mtazame sana, kwa sababu ana kitu unachofanana naye. Aliweza kuingia nyumba ambazo wenzake hawakujua hata kubisha hodi. Wewe unaongea Kiswahili, Kiingereza na sidhani kama Kifuliiru cha kwenu Uvira umekisahau. Hicho hakifukuzwi pamoja na kocha mkuu.

Lakini wote hao watatu walikaa mahali pamoja, au na mtu mmoja, miaka mingi. Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo, na wewe bado hujapata mtu huyo. Umefanya kazi chini ya makocha kadhaa, na hujaniambia hata mmoja aliyekukabidhi kitu cha maana akakuacha ukiendeshe, ulinzi wa timu kwa mfano, au mafunzo ya wachezaji warefu. Umetaja video, hoteli, basi na sebule za watu. Kabla ya kukubali kazi yoyote ya chuo, mwulize kocha mkuu utakabidhiwa nini uwanjani. Asipokuwa na jibu, mshahara mara mbili ni mshahara tu.

Na mshahara wenyewe, mkeo ana haki ya kujua historia yake. Mwaka 1991 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipitisha kanuni kwamba kila timu iwe na kocha msaidizi mmoja ambaye mapato yake yasizidi dola 16,000 kwa mwaka. Watu wazima wenye watoto waliishi kwa hizo. Wakashtaki, wakashinda, na mwaka 1999 chama kikakubali kuwalipa dola milioni 54.5. Tangu 2023 timu inaruhusiwa wasaidizi watano badala ya watatu, kwa hiyo viti vimeongezeka, ila vya mwishoni mwa benchi vingi bado vinalipwa kama vile vya zamani. Kuchoka kwa mkeo kumetoka kwenye hesabu hizo. Usimwite mtu asiyependa michezo.

Ushauri wangu kuhusu kuhama ni mmoja, na siupindishi: msitoke Kentucky kabla hajamaliza uuguzi. Mwanafunzi wa uuguzi akihama chuo katikati, masomo mengine hayapokelewi na anarudi nyuma. Akimaliza na kupata leseni hapo, Kentucky imo katika mkataba wa majimbo unaoruhusu leseni moja kufanya kazi katika majimbo mengi. Siku hiyo yeye ndiye atakuwa na kazi inayohamishika kuliko yako, na wewe utaweza kukubali kiti chochote bila kuomba msamaha kila usiku. Mwaka mmoja na nusu. Nilihama na mimba ya miezi saba, najua mwaka mmoja na nusu ni kitu gani.

Kwa hiyo lile tangazo la jikoni lichukue, ulisome mbele yake, na mpigie mwalimu mkuu wa sekondari wiki hii kumwuliza tarehe ya mwisho na kama cheti cha ualimu kinaweza kufuata baadaye. Kocha mkuu wako akibaki na kukukabidhi jambo uwanjani, kaa. Akiondoka, nenda sekondari misimu miwili, uwe kocha mkuu wa vijana 15, uite muda wa mapumziko wewe mwenyewe na ukosee wewe mwenyewe. Endelea kwenda kwenye mkutano wa makocha mji wa Fainali Nne kila mwaka, hata kwa basi, hata kwa kulala watatu chumba kimoja. Mume wangu alipata kazi zake mbili kati ya nne kwenye ukumbi wa hoteli, amesimama tangu asubuhi akisalimia watu. Unaposalimia, sema ukweli kwamba uko sekondari kwa sababu mkeo anamaliza shule. Kocha atakayekudharau kwa hilo hakufai wewe wala watoto wako.

Leo usiku ana mtihani au hana? Muulize hilo kwanza. Kisha mwambie yule bosi wa magharibi alikupigia, kama bado hujamwambia. Barua yako haikusema, na nimeona.

Na yule mama wa ghala, ukishampigia, huenda akanyamaza siku kadhaa. Usimsukume. Kijana anaweza kusaini chuo kingine kabisa, na bosi wako atakuuliza ulimwambia nini. Mwambie. Halafu mama huyo akikuita tena kula, nenda, hata kama mwanawe atavaa jezi ya wapinzani wenu. Mpelekee mkeo na watoto wamjue. Ndagala za Tanganyika hazipatikani kirahisi Kentucky, na aliyekuwekea sahani anajua alikuwekea kwa nini.

Niandikie mwezi wa nne.

Wako,
Mama wa safu hii